KIKIHARIBIKA ITAKUWAJE?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme neno moja juu ya Chama cha Sayansi cha shule yetu. Muhula ujao tutakuwa na Maonyesho ya Sayansi, na fedha kidogo tulizochangiwa na wazazi wetu zapaswa kutumiwa kwa busara. Neno langu ni hili: kifaa hakiwi cha kutegemewa kwa sababu ni kipya, wala kwa sababu ni cha bei kubwa. Kifaa huwa cha kutegemewa kwa sababu aliyekitengeneza alijiuliza mapema, "Je, kikiharibika itakuwaje?" na akatayarisha jibu kabla siku hiyo haijafika.

Najua wako watakaosema kuwa neno hili ni dogo mno kuandikiwa gazetini. Basi kwanza nitawachukua wasomaji mpaka mahali pa mbali sana, ambapo hapana fundi awezaye kufika na bisibisi yake. Kisha tutarudi hapa shuleni, tuone kama kweli neno lenyewe ni dogo.

Mwaka 1977 Wamarekani walirusha vyombo viwili vya angani viitwavyo Voyager. Voyager 2 kilitangulia tarehe 20 Agosti, na Voyager 1 kikafuata tarehe 5 Septemba. Vilitengenezwa katika Jet Propulsion Laboratory, huko California, ili vikaitazame sayari ya Mshtarii na sayari ya Zohali. Vyote viwili viliifanya kazi hiyo, na Voyager 2 kikaendelea mpaka Uranus mwaka 1986 na Neptune mwaka 1989. Mwezi wa Agosti mwaka 2012 Voyager 1 kilitoka nje ya eneo linalotawaliwa na upepo wa jua, kikaingia katika anga iliyo kati ya nyota na nyota. Hapana chombo chochote cha binadamu kilichopata kufika huko kabla yake. Mwenzake alifuata mwezi wa Novemba mwaka 2018.

Hebu tufikiri jinsi vyombo hivyo vinavyozungumza na watu wa duniani. Mtambo wa redio wa Voyager hutumia nguvu ya wati 23 hivi, nayo si zaidi ya nguvu ya taa ndogo ya chumbani. Sauti hiyo hafifu hukusanywa na antena ya sahani yenye upana wa mita 3.7, ikaelekezwa duniani kama tochi inavyoelekezwa. Huku chini husikilizwa na antena kubwa zenye upana wa mita 70, zilizojengwa mahali patatu: California, Hispania na Australia. Sababu ya kuwa mahali patatu ni kwamba dunia huzunguka. Antena moja ikigeuziwa mgongo na dunia, nyingine huwa imeshika zamu. Na kazi hii ya kusikiliza angani imepata kufanywa hata katika ardhi ya nchi yetu. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 kilikuwako kituo cha Wamarekani huko Tunguu, Unguja, kilichosikiliza vyombo vya Mercury. Tarehe 20 Februari mwaka 1962, John Glenn alipoizunguka dunia, alizungumza na kituo hicho alipokuwa akipita juu. Kituo kilifungwa mwaka 1964.

Sasa tutazame umbali. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Voyager 1 kilikuwa mbali kiasi kwamba wimbi la redio lilichukua saa 22 na nusu kukifikia. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili aweza kuifanya hesabu hiyo: wimbi la redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja, zidisha kwa sekunde 81,000, jibu ni zaidi ya kilomita bilioni 24. Mtu akiuliza swali Jumatatu asubuhi, jibu hulipata Jumatano asubuhi. Tena nguvu ya umeme hupungua. Huko mwanga wa jua hautoshi, kwa hiyo vyombo hivyo hupata umeme kutokana na joto la madini ya plutoni, na joto hilo hufifia mwaka hata mwaka. Kila mwaka chombo hupoteza kama wati 4.

Mitambo ya umeme inayosafiri hivyo ina maadui wengi. Adui wa kwanza ni mtikiso wa roketi wakati wa kuruka. Wa pili ni joto na baridi, maana angani hapana hewa ya kuchukua joto la mtambo, na upande usioelekea jua hupoa vibaya sana. Wa tatu ni mionzi: vipande vidogo mno vyenye nguvu, vipitavyo ndani ya chipu ya kompyuta na kuweza kugeuza sifuri ikawa moja, au kuiua chipu yenyewe. Ndiyo sababu mtambo wa angani, kabla ya kurushwa, hutikiswa kwa makusudi, huokwa, hugandishwa, na huwekwa katika chumba kisicho na hewa. Afadhali ufe mikononi mwa mafundi kuliko ufe mahali ambapo hapana fundi. Na ndiyo sababu wahandisi wa vyombo hivi aghalabu hawapendi chipu iliyotoka jana, hata iwe na kasi namna gani. Hupenda ile ambayo tabia yake imekwisha julikana.

Hata hivyo kupima peke yake hakutoshi, maana kila kitu mwisho wake huharibika. Basi ndipo linapokuja swali langu. Nitaeleza mambo matatu yaliyotokea, na katika kila moja msomaji atazame nani alikuwa ameuliza swali, na nani alikuwa hajauliza.

La kwanza ni la mwaka 1978. Voyager 2 kilikuwa na mitambo miwili ya kupokea amri, mmoja wa kazi na mmoja wa akiba. Ndani ya chombo waliweka pia saa yenye kazi moja tu: ikiwa wiki nzima imepita bila amri yoyote kutoka duniani, chombo kichukulie kuwa mtambo wake wa kupokea umekufa, kigeukie ule wa akiba. Mwezi wa Aprili mwaka huo wiki ilipita bila amri, na saa ikafanya kama ilivyoagizwa. Lo! Mtambo wa akiba ukaonekana ni mgonjwa. Kijisehemu kidogo kiitwacho kapasita kilikuwa kimeharibika, na mtambo haukuweza tena kulifuata wimbi linapobadilika. Chombo kikarudi kwenye mtambo wa kwanza, na muda si mrefu ule wa kwanza ukafa kabisa. Ukabaki ule mgonjwa peke yake.

Kila mtu aliyesimama kando ya barabara ajua kuwa honi ya basi linalokuja husikika nyembamba, na basi likisha pita sauti huwa nzito. Mawimbi ya redio hufanya vivyo hivyo, kwa sababu dunia yazunguka na chombo chakimbia. Mtambo mzima hulifuata wimbi lenyewe. Mtambo mgonjwa husikia mahali pamoja pembamba tu, na hata hapo mahali huhama joto la chombo likibadilika kidogo. Basi wahandisi wakaanza kupiga hesabu kabla ya kila amri: dunia itakuwa inaelekea wapi, chombo kitakuwa na joto gani, na wimbi lianze na kipimo gani ili likifika huko lianguke palepale mtambo unaposikia. Kwa njia hiyo Voyager 2 kiliongozwa mpaka Uranus na Neptune, kikiwa na sikio moja, nalo bovu.

Mimi nimejifunza mambo mawili hapo. Kwanza, akiba haiozi, wasema wazee. Lakini akiba ya mitambo yaweza kuoza, na usipoipima utajua imeoza siku ile unapoihitaji. Pili, ile saa ni jambo la busara kubwa. Waliyoiweka hawakuuchukua ukimya kuwa ni dalili ya salama. Waliuchukua kuwa ni habari. Naomba wasomaji walishike neno hilo, maana nitalirudia.

Jambo la pili ni la mwezi wa Julai mwaka 2023. Safari hii mtambo haukuwa na kosa. Watu walituma amri iliyokosewa, nayo ikaigeuza antena ya Voyager 2 digrii 2 pembeni ya dunia. Digrii 2 ni kitu kidogo hata kwa protrakta zetu, lakini kwa umbali ule ilitosha kukata mazungumzo yote. Antena kubwa ya Canberra, Australia, ikapiga kelele kwa nguvu zake zote kuelekea kilipo chombo, na baada ya saa 37 ilijulikana kuwa chombo kimesikia. Tarehe 4 Agosti mazungumzo yalikuwa yamerudi. Lakini hata kama kelele ile isingesikika, chombo kilikuwa kimewekewa ratiba ya kujielekeza upya duniani chenyewe mara kwa mara, na zamu iliyofuata ilikuwa tarehe 15 Oktoba. Yaani watengenezaji walikuwa wameuliza hata swali gumu kuliko yote: "Je, tukikosea sisi wenyewe itakuwaje?"

La tatu lilianza mwezi wa Novemba mwaka 2023. Voyager 1 kilianza kuleta maneno yasiyo na maana: sifuri na moja zilezile zikirudiwa, kama mtu aliyepandwa na homa. Wimbi lilifika, lakini habari hazikuwamo. Wahandisi walituma amri za kupapasa, na kila jibu walilingojea siku mbili. Mwezi wa Machi mwaka 2024 walipata nakala ya yaliyomo katika kompyuta ile inayofunga habari kabla ya kutumwa, wakagundua kuwa chipu moja ya kumbukumbu imekufa. Ilikuwa imechukua asilimia 3 hivi ya kumbukumbu ya kompyuta hiyo, na ndani yake mlikuwamo maagizo ya lazima. Kompyuta pacha ya kushika kazi hiyo ilikuwa imekwisha kufa zamani. Nafasi moja kubwa ya kuyahamishia maagizo yote haikuwapo. Basi wakayakata vipande vipande, kila kipande wakakitafutia pembe yake, wakarekebisha kila mahali palipoelekeza kwenye makao ya zamani. Tarehe 18 Aprili walituma kipande cha kwanza. Tarehe 20 wakasikia kuwa chombo kina akili zake. Mwezi wa Juni vyombo vyake vyote vinne vya upimaji vilivyokuwa bado vikifanya kazi vilikuwa vikileta habari tena.

Nawauliza wenzangu: watu hao waliyajuaje mambo ya ndani ya kompyuta iliyorushwa miaka 46 nyuma? Wengi wa waliyoijenga walikuwa wamestaafu, na wengine wamekwisha fariki. Walifungua karatasi. Ziliwekwa hati za miaka ya 1970 zenye kueleza kila kitu kilipowekwa na sababu yake, na hizo ndizo zilizowaongoza. Mali bila daftari hupotea bila habari. Chombo kile kingepotea kikiwa kizima, kwa kukosa daftari tu.

Sasa na turudi hapa shuleni kwetu.

Mwaka jana, katika Siku ya Wazazi, Chama chetu kilionyesha kengele ya umeme. Swichi yake iliwekwa bwenini, na kengele yenyewe katika kibanda cha mlinzi, ili mwanafunzi akiugua usiku msaada uitwe mara moja. Wazazi walipiga makofi, na kengele ikapewa tuzo ya kwanza, nayo iliistahili. Ikabaki ukutani. Kabla ya hapo ilikuwa desturi ya bweni letu kupanga wavulana wawili wa zamu kila usiku, wenye tochi, walale karibu na mlango ili wawe tayari kwenda kuita mtu. Ilipokuja kengele, zamu ile ikaachwa, maana kila mtu aliona haina kazi tena.

Baada ya miezi minne mwenzetu mmoja alishikwa na pumu saa nane za usiku. Kiranja wa bweni akabonyeza swichi. Kimya. Akabonyeza tena, kimya. Mtu akatafuta tochi, hakuiona. Mwishowe wavulana wawili walikimbia gizani mpaka kwa mlinzi, na mlinzi akaenda kumwamsha muuguzi. Namshukuru Mungu kwamba mwenzetu alipona. Lakini dakika zile zilikuwa nyingi, naye ndiye aliyezihesabu, kwa kifua kilichokataa pumzi. Asubuhi kengele ilifunguliwa. Betri ilikuwa imevuja, na vishikizo vyake vya shaba vimeota ukungu wa kijani. Hapakuwa na betri ya pili, wala daftari la kuonyesha siku betri ilipotiwa, wala mtu aliyepewa kazi ya kuijaribu swichi mara moja kwa wiki.

Sitaji jambo hili ili nimlaumu mtu. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kazi ambayo hakupewa. Nalitaja ili tuone kuwa kengele ile, hata ilipokuwa imekufa, ilikuwa ikifanya kazi moja mbaya: ilitufanya tulale. Bweni lisilo na kengele hujua kuwa halina, nalo hujipangia zamu. Bweni lenye kengele mbovu halijui kitu. Na kwa kuwa kengele nzima na kengele mbovu zote hukaa kimya usiku kucha, ukimya wake ulikuwa hauna maana yoyote.

Katika mkutano wa Chama mwezi uliopita yalitolewa mawazo mawili juu ya fedha zetu. Wazo la kwanza ni kujenga mfano wa roketi wenye taa za rangi na sauti ya kunguruma, uwekwe mlangoni siku ya maonyesho. Wazo la pili ni kuijenga upya kengele ya mabweni. Walio wengi waliipenda roketi. Mimi nasema kwa heshima zote kuwa anayetaka kuwaiga watu wa roketi na aijenge kengele, kwa maana kazi yao hasa ni hiyo.

Na ijengwe namna hii. Kwanza, umeme mdogo upite katika waya mchana na usiku, ukiishikilia swichi ya sumaku kibandani kwa mlinzi. Kengele iwe na betri yake palepale. Mtu akibonyeza bwenini, umeme wa waya hukatika, sumaku huachia, na kengele hulia. Lakini waya ukikatwa na panya, kengele hulia pia. Na betri ya waya ikifa, kengele hulia pia. Kwa hiyo kengele ikiwa kimya, ukimya huo utakuwa umetuambia kitu. Yote haya yamo katika somo letu la sumaku-umeme la fizikia. Inabaki betri ya kengele yenyewe, ambayo ikifa haitajitangaza. Hiyo ndiyo yenye kuhitaji kujaribiwa na mkono wa mtu kila Jumamosi.

Pili, betri ya kengele iwe na mwenzake, wala wasitoke katika boksi moja. Tumefundishwa katika hesabu kuwa ikiwa betri moja ina nafasi 1 katika 10 ya kufa muhula huu, basi nafasi ya kufa zote mbili ni 1 katika 100. Lakini hesabu hiyo ni kweli kama kila moja hufa kwa sababu yake yenyewe. Zikinunuliwa siku moja, zikatiwa siku moja, zikala unyevu mmoja, zitaugua ugonjwa mmoja, na tutakuwa na akiba ya jina tu.

Tatu, pawe na daftari lililofungwa kwa kamba ukutani: tarehe ya kila jaribio, jina la aliyejaribu, siku betri ilipobadilishwa, na mchoro wa saketi ulio safi. Mwezi wa Novemba sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani na kuondoka. Kengele itabaki na wadogo zetu ambao leo wako Kidato cha Kwanza. Wao watakuwa kama wale wahandisi wa mwaka 2024, na sisi tutakuwa kama wale wazee wa mwaka 1977. Tutawaachia nini, karatasi au kisa cha kusimulia?

Nne, zamu ya tochi irudishwe hata kengele ikiwa nzima. Hiyo ndiyo akiba ya mwisho, nayo haigharimu hata senti.

Wako watakaonipinga, nami nawaheshimu. Wa kwanza wasema: "Mambo ya Voyager ni ya matajiri, shule ya serikali itayawezaje?" Kwa kweli chombo chenyewe kilikuwa cha fedha nyingi. Lakini kumbukumbu ya kompyuta zake zote ukiziweka pamoja haifikii kilobaiti 70, nayo ni ndogo kuliko picha moja ya simu ya mkononi aliyo nayo mzazi mfukoni. Hawakuokolewa na ukubwa wa mtambo. Waliokolewa na kuuliza, kupima na kuandika, na vitu hivyo vitatu havina bei dukani.

Wa pili wasema: "Mtihani u karibu, hatuna nafasi ya kengele." Ndugu zangu, mtihani wenyewe ndio huu. Mwalimu wetu wa fizikia hukata alama tukisahau kuandika kipimo baada ya jawabu, nasi hunung'unika. Mwaka 1999 Wamarekani walipoteza chombo kilichokuwa kikiingia katika mzunguko wa sayari ya Mirihi, kwa sababu kundi moja lilitoa hesabu zake kwa vipimo vya Kiingereza, na kundi la pili likazisoma kuwa ni za metriki. Namba zilikuwa sahihi. Kipimo hakikuandikwa wala kuulizwa. Chombo kikapita chini mno, kikapotea tarehe 23 Septemba. Alama moja ya mwalimu ni ya bei nafuu kuliko hiyo.

Wa tatu, na hoja yao ndiyo yenye nguvu, wasema kuwa roketi ya taa itawavuta wazazi, na wazazi wakivutwa huchanga tena. Ni kweli kuwa kengele iliyo kimya haina urembo. Lakini mimi nadhani mzazi aliyempeleka mtoto wake mbali na nyumbani hulala usingizi kwa sababu anaamini kuwa huku kuna mtu atakayeamka. Mwonyesheni mzazi huyo daftari lenye Jumamosi kumi na mbili mfululizo, kila moja na jina la mtoto aliyeijaribu kengele. Mkateni waya mbele ya macho yake, kengele ilie yenyewe. Kisha mwambieni ni kwa nini. Sijui mfano wa roketi utakaomfurahisha kuliko hilo.

Mwisho, nina ombi kwa Mwalimu Mlezi wa Chama na kwa Mkuu wa Shule. Tuzo ya maonyesho hutolewa siku ileile ya makofi, kifaa kikiwa na siku mbili tangu kukamilika. Naomba tuzo ya kwanza itolewe mwishoni mwa muhula. Apewe yule ambaye kifaa chake bado chafanya kazi, na ambaye daftari lake, akipewa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza pamoja na kifaa kilichoharibiwa kwa makusudi, litamwezesha kukitengeneza bila kuuliza mtu. Tuzo ya namna hiyo itawafundisha wadogo zetu kujenga vitu vya kukaa.

Mkutano wa Chama utapiga kura Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao, saa kumi za jioni, katika maabara ya fizikia. Nawasihi wanachama wote wahudhurie. Mimi kura yangu nimekwisha itaja. Na mwenye kuitaka roketi aje nayo pia, ila aje na jibu la swali hili: usiku ule mtu akibonyeza swichi na pasiwe na sauti, itakuwaje?